Mgonjwa Haulizwi Uji

Nilihesabu sambaza kabla sijaketi.
Kumi na saba. Macho thelathini na manne.
Hapana, matatu: mmoja alikosa jicho.
Nilimweleza mama. Mama akaweka mwiko chini
taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Sambaza hawakuwa wakiniangalia, hilo najua.
Tatizo lilikuwa mchuzi wa lengalenga
uliovuka mpaka ukagusa bugali
na sahani nzima ikawa kelele.
Ninaposema kelele, nasema kelele.

Shangazi Nzigire alisema ni pepo.
Katekista alinishika kichwa kwa kiganja
chenye harufu ya mafuta ya taa.
Jirani akasema ukutani, ili tusikie:
Watu wamekimbia vita, wanalala njaa,
na huyu anachagua.
Ni kweli. Nililiweka neno lake sahanini
nalo likachukua nafasi ya chakula.

Sketi ya shule ikaanza kuzunguka yenyewe kiunoni,
zipu mbele, zipu nyuma,
ndipo wakanipeleka Nyawera,
juu ya duka la dawa, kwa Dada Cibalonza.

Swali lake la kwanza:
Taa hii inakusumbua?
Miaka kumi na tisa, hakuna aliyewahi kuuliza habari za taa.
Ilikuwa ikilia tangu niingie, mbu wa chuma.
Akaizima. Tukakaa na mwanga wa dirisha,
mvua ikipanda kutoka ziwani,
kiti kilekile, saa ileile, kila Alhamisi.

Chakula hakukitaja. Alileta karata.
Panga kwa rangi. Nikapanga.
Sasa kwa umbo.
Mikono ikagoma.
Umeona hapo, Nabintu?
Nimeona.
Tutaanzia hapo. Tumbo litatusubiri.

Kazi ya nyumbani: vaa kiatu cha kushoto kwanza.
Nililia kwa ajili ya kiatu.
Kazi nyingine: panda Kadutu kwa njia usiyoizoea.
Ngazi themanini na mbili, udongo mwekundu,
ya hamsini imebomoka,
na mwanamke wa makala akanipisha
bila kuniuliza kwa nini nahesabu kwa sauti.

Halafu daftari. Andika wazo linapokuja.
Niliandika: *Mchuzi ukigusa, litatokea jambo baya.*
Akasoma. Jambo gani? Litatokea wapi? Saa ngapi?
Hakuwa akinicheka, alitaka kujua kweli.
Nilitafuta siku tisa.
Wazo langu halikuwa na anwani.

Akasema: basi ni mgeni tu,
mpe kiti, usimpe ufunguo.
Nikamwambia wazo haliketi.
Akachukua kalamu, akaandika:
*Nabintu anasema wazo haliketi.*
Tangu siku ile hakunipa tena mifano ya viti.

Mama alipoitwa, alikuja na kitenge cha misa,
akamwaga methali yake mezani:
Mgonjwa haulizwi uji.
Miezi yote alikuwa hajaniuliza. Alileta
uji wa sukari, uji wa karanga, uji wa moto,
alileta kwa upendo, ukaganda kwa upendo.
Dada Cibalonza akanigeukia mimi:
Uji gani?

Wa mtama. Usiwe na mabonge. Uliopoa.
Kikombe cha bluu, kile chenye ufa,
na kijiko kisigonge ukingo.
Mama alikosa karatasi.
Akaandika kwenye kiganja chake, mabonge, bluu, ufa,
na njia nzima ya kurudi
hakushika kitu kwa mkono ule.

Sijapona. Watu hupenda kuuliza.
Kuna siku zipu bado inazunguka.
Tulinunua sahani ya bati yenye vyumba vitatu,
na Shangazi Nzigire huita gereza.

Jana mchuzi uliruka ukuta.
Uligusa bugali upande wa kushoto.
Nikaangalia saa. Nikasubiri jambo baya.
Umeme ukakatika.
Lakini umeme hukatika kila siku.

Nikala upande wa kulia.